Muulize mtoto jana ilikuwaje

Mwezi uliopita nilivuka toka Mtwara mjini kwenda Msangamkuu kumjulia hali shangazi, na wakati wa kurudi kwenye pantoni nikakaa karibu na mama mmoja kijana ana mtoto wa kama miaka mitatu hivi, pembeni yao bibi mmoja na mjukuu wake wa rika hilohilo. Yule mama akawa anamwambia mwanae, "Haya mwambie anti tulienda wapi?" Mtoto kimya. "Tulienda wapi?" Kimya. "We si nakuuliza, tulienda wapi?" Mtoto anaangalia maji tu. Mama akanigeukia akasema huyu hana kumbukumbu kabisa, kamfuata baba yake.

Bibi hakusema neno. Ila baada ya muda kidogo nikamsikia na yeye anaongea na mjukuu wake, taratibu, kama mtu anayeanza hadithi. "Asubuhi tulivyokuwa tunavuka si alikuwepo yule mbuzi mweupe?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. "Mbuzi akafika pale pa kupandia, akafanyaje vile?" "Akagoma!" "Eeh akagoma, miguu kaikaza hivi, na mwenyewe anavuta kamba, we ukamwambia bibi nini?" "Anaogopa maji." "Ukasema anaogopa maji. Na wewe je, uliogopa?" "Kidogo." "Kidogo, ukanishika kanga yangu hapa." Akaikamata ile pembe ya kanga akamwonyesha. Mpaka tunafika upande wa mjini yule mtoto anasimulia habari ya mbuzi mwenyewe, bibi kazi yake ni kusema eeh, eeh, halafu ikawaje.

Nimeandika haya kwa sababu ya yule mtoto wa kwanza, yule aliyeambiwa hana kumbukumbu. Mi naamini kumbukumbu anayo, ila aliulizwa swali ambalo ni mtihani, lina jibu moja, na kila aliponyamaza swali lilirudi lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Wa pili hakuwa na akili kuliko mwenzie, yeye alipewa mahali pa kuanzia. Akawekewa mbuzi mbele yake, akawekewa kamba, akaulizwa alijisikiaje, na kila alichosema kidogo bibi alikipokea akakiongezea nyama.

Watu wa saikolojia wameichunguza hii tofauti kwa muda mrefu sasa. Mwaka 1993 Elaine Reese, Catherine Haden na Robyn Fivush walichapisha utafiti wa akina mama na watoto wao waliofuatiliwa kuanzia mtoto ana miezi 40 mpaka miezi 70, yaani toka miaka mitatu na kidogo mpaka karibu sita, na walichokuwa wanasikiliza ni mama na mtoto wanavyoongea kuhusu mambo waliyoyafanya pamoja. Wakakuta kuna akina mama wanaopanua, kila swali linaleta kitu kipya, na kuna wanaorudia, swali ni lilelile mpaka jibu litoke. Watoto wa wale wanaopanua mbele ya safari walikuwa wanakumbuka mengi zaidi na wanasimulia vizuri zaidi. Na hapa mtu anaweza akasema aah, labda mtoto akiwa muongeaji tangu mwanzo ndo mama naye anaongea sana, ila walivyofuatilia mwaka hadi mwaka walikuta athari inatoka zaidi kwa mama kwenda kwa mtoto. Mwaka 2007 Reese na Rhiannon Newcombe wakaenda mbele zaidi, kule New Zealand, wakawachukua akina mama wenye watoto wa mwaka mmoja na nusu, baadhi wakafundishwa namna ya kuongea na watoto kuhusu yaliyopita, na watoto wao baadae kumbukumbu zao zikawa tajiri zaidi, hasa wale waliokuwa tayari wameanza kujitambua. Kwa hiyo hiki kitu kinafundishika, mzazi hazaliwi nacho. Mimi mwenyewe nimepeleka watoto watatu kliniki, nimefundishwa uji wa lishe, chanjo, kadi, mpaka namna ya kumshika mtoto wakati wa kunyonya, na sijawahi hata siku moja kuambiwa mama, jioni ongea na mtoto kuhusu leo ilivyokuwa. Na hiki hakinunuliwi dukani.

Sasa kwa nini iwe muhimu hivyo? Jiulize wewe kitu cha kwanza kabisa unachokikumbuka ni cha ukiwa na miaka mingapi. Wengi wetu tunaangukia miaka mitatu, mitatu na nusu, kabla ya hapo ni giza. Sio kwamba mtoto wa miaka miwili hahifadhi, anahifadhi, mwanangu wa mwisho akiwa na huo umri alikuwa akiona mwiko anaenda mwenyewe kwenye sufuria ya ubuyu ilipokaa juzi. Tatizo ni kwamba vile alivyovihifadhi bila maneno vinakuja kukosa mlango wa kutokea. Gabrielle Simcock na Harlene Hayne mwaka 2002 walionyesha hili kwa namna ninayoipenda sana: watoto wadogo, wa miaka miwili na miezi kadhaa mpaka mitatu na kidogo, wakaonyeshwa mashine ya kuchezea, unavuta kishikio, unaweka kitu cha kuchezea kikubwa juu, unazungusha, chini kinatoka kama kilekile ila kidogo. Baada ya miezi sita au mwaka wakaulizwa. Wengi walitambua picha za vile vitu, na kwa mikono waliweza kuonyesha mambo yaliyofanyika, lakini kwenye kusimulia hakuna mtoto hata mmoja aliyetumia neno ambalo siku ile ya tukio alikuwa hajalijua. Maneno aliyajua baadae, ila hayakurudi nyuma kuifunika ile siku.

Nilivyosoma hiyo nilikaa kimya kidogo. Ina maana ukimpa mtoto maneno wakati jambo lingali bichi unampa kitu cha kulibebea. Usipompa, litabaki ndani kama harufu ambayo hajui ilitoka wapi.

Kuna utafiti mwingine wa hukohuko New Zealand, wa mwaka 2000, ambao nadhani sisi watu wa kusini tungeusoma tungejiona. Waliwauliza watu wazima kumbukumbu yao ya kwanza ni ya umri gani. Wenye asili ya Ulaya ikawa kama miaka mitatu na nusu. Wenye asili ya Asia ikawa karibu miaka mitano. Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa vile, ikawa miaka miwili na miezi minane hivi. Wamaori ni watu ambao ukoo, chimbuko na habari za waliotangulia ni jambo zito, linasemwa, linarudiwa. Baadae watafiti wakasikiliza akina mama wakiwasimulia watoto habari ya siku waliyozaliwa, na stori za akina mama wa Kimaori zikawa zimejaa zaidi, zina wakati, zina hisia.

Stori ya kuzaliwa! Sisi huku si ndo tunaanza nayo hata kwenye jina? Mtoto anaitwa Somoe kwa sababu kuna mtu kapewa jina lake, yupo Siwatu, yupo Shida, yupo Tabu, kila jina ni mlango wa habari ndefu. Bibi yangu mzaa mama wa Newala alikuwa anaitwa Sikudhani, na mpaka nina miaka kumi nilikuwa naweza kukusimulia nani hakudhania nini, mvua ilikuwaje, nani alitumwa kumwita mkunga na alikutana na nini njiani. Leo nauliza watoto wa mtaani kwetu jina lako maana yake nini, anakwambia sijui, aliniita baba. Jina lipo, stori imekatika. Hilo linaniuma, sitaki kuficha.

Marekani kule chuo kikuu cha Emory, Atlanta, Marshall Duke na huyohuyo Fivush walitengeneza maswali 20 ya kupima mtoto anajua nini kuhusu familia yake, unajua wazazi wako walikutanaje, unajua bibi yako alikulia wapi, unajua siku unazaliwa ilikuwaje. Watoto waliojua mengi walikuwa wanajiamini zaidi na wanaona maisha yao wanayamudu. Ila Duke mwenyewe ameonya kwamba huwezi kumkaririsha mtoto majibu 20 ukategemea awe imara, kinachofanya kazi ni yale maongezi yenyewe yaliyomfikishia hizo habari, mezani, safarini, wakati wa kulala. Na sisi stori za kumpa tunazo. Babu yake alivuka Ruvuma akiwa mtoto wakati wa vita ya Msumbiji. Baba yake alisafiri kwenda Dar siku ngapi sijui, basi limekwama matope, watu wanalala njiani, wanasubiri kivuko pale Ndundu, hayo yote kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Mtoto wa leo anapanda basi alfajiri jioni yuko Mbagala, hajui kama chini yake kuna stori.

Lakini nisiseme kwamba zamani yetu yote ilikuwa sawa kwenye hili. Malezi yetu ya kusini yana sehemu ambapo mtoto anaambiwa tu. Unyagoni na jandoni unafundishwa, unaimbiwa, unaonywa, hakuna anayekuuliza we ulijisikiaje. Na nyumbani tukiongea na mtoto kuhusu jana, mara nyingi tunaongea kosa: jana ulimwaga maji, jana ulimpiga mwenzio, utarudia? Sitarudia. Basi, maongezi yameisha. Profesa Qi Wang wa chuo kikuu cha Cornell amelinganisha familia za Kichina na za Kimarekani, akakuta akina mama wa Kichina wanaelekea kutumia yaliyopita kufundishia nidhamu na kukaa na watu, wa Kimarekani wanamrudisha zaidi mtoto kwenye alichohisi na alichotaka yeye, na ukija kuwauliza watu wazima, kumbukumbu ya kwanza ya Wamarekani ni ya mapema zaidi kwa karibu nusu mwaka. Wang hasemi Wachina wanakosea, kila jamii inakuza mtu inayemtaka, na mimi sitaki mwanangu akue hajui kosa lake. Onyo libaki. Ila kama kila ukimgeuzia uso nyuma anakuta fimbo, huko nyuma hatataka kwenda tena.

Na watoto wa kiume ndo tunawanyima zaidi. Tafiti za akina Fivush zimeonyesha wazazi wanapanua stori zaidi wakiongea na binti kuliko na mvulana, na habari za huzuni wanaziongea zaidi na binti. Hata huku naona. Msichana anakaa na mama jikoni wanachambua kisamvu, anasikia mambo. Mvulana anaambiwa nenda kacheze. Afu akiwa na miaka kumi na sita hasemi kitu tunashangaa.

Watu watasema muda hakuna. Muda wa peke yake kweli hakuna, kuanzia Oktoba korosho zinadondoka, mtu anatoka alfajiri anarudi giza. Lakini angalia kazi zenyewe tunazofanya. Kuokota korosho mikono inafanya kazi mdomo umekaa bure. Kubangua vilevile, kumenya ming'oko vilevile, na mtoto yupo hapohapo. Dakika kumi za "hivi juzi ile mvua ilitukutia wapi?" hazizuii kilo hata moja. Simu pia isaidie, picha zimejaa humo za sikukuu na harusi, ila picha ikikaa kwenye simu bila kuongelewa mtoto anabaki na picha tu. Ikae mkononi muulizane, huyu nani, kwa nini alikuwa analia, we ulikuwa umekaa wapi.

Na kama bibi anaongea Kimakonde mwache aongee Kimakonde. Viorica Marian na Ulric Neisser mwaka 2000 waliwahoji watu waliokulia Kirusi wakahamia Marekani, wakihojiwa kwa Kirusi yanakuja zaidi mambo yaliyotokea kwa Kirusi, wakihojiwa kwa Kiingereza yanakuja zaidi ya Kiingereza. Tukimzuia bibi lugha yake kwa kisingizio cha shule, kuna mambo mtoto hatayafikia tena.

Kitu kimoja cha hatari lazima nikiseme. Nguvu ileile inayojenga kumbukumbu inaweza kupanda ya uongo. Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell mwaka 1995 waliwapa watu wazima 24 stori za utotoni mwao, moja ikiwa ya kutunga, kwamba waliwahi kupotea dukani wakiwa wadogo, na kama robo yao wakaja kuamini angalau kwa sehemu kwamba ilitokea. Hao ni watu wazima, sembuse mtoto wa miaka minne ambaye anataka kumfurahisha mama. Kwa hiyo usimlishe. "Ilikuwaje?" ni tofauti kabisa na "alikupiga eti?" Na ikitokea una wasiwasi mtoto kafanyiwa jambo baya, hapo usipanue chochote, msikilize, usimuulize mara kumi, usimtajie jina la mtu, mpeleke kwenye dawati la jinsia na watoto polisi au kwa ustawi wa jamii. Maswali ya mzazi mwenye hasira yanaweza kuchafua ushahidi wa mtoto anayesema kweli.

Kilichonifanya mimi nianze kusoma haya yote ni mwanangu wa kwanza. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja upande wetu, tukatangaziwa tuondoke maeneo ya karibu na bahari, na sisi tulikuwa tunakaa Shangani. Yeye alikuwa na miaka minne. Nikafunga nguo kwenye begi na shuka moja, nikambeba tukaenda kwa shangazi yake Naliendele, baba yake akabaki kulinda nyumba. Nilikuwa na hofu na sikutaka mtoto aijue, kwa hiyo sikumwambia kitu, nikasema tunaenda kwa shangazi basi. Kimbunga kikaenda kupiga Msumbiji, Cabo Delgado, wenzetu wakaumia sana, sisi kesho yake tukarudi. Hatukuiongelea tena. Tuliona imepita.

Mwaka 2023, ana miaka minane, siku moja mimi na baba yake tumekwaruzana kidogo kuhusu ada, nikaenda chumbani kutoa nguo kwenye begi la safari la wiki ile. Mtoto akaja akasimama mlangoni, midomo inamtetemeka, akaniuliza, "Mama unaondoka tena kama siku ile ulivyomuacha baba?"

Siku ipi? Akaanza kueleza. Begi la bluu. Shuka. Baba kasimama mlangoni hasemi. Mama anatembea haraka, kila akimuuliza kitu mama hajibu. Kila kitu alichosema kilikuwa cha kweli, begi lilikuwa la bluu, mimi mwenyewe nilishasahau. Ila kwa kuwa hakuna aliyempa maana, akajitafutia, na aliyoipata ni kwamba mama yake alimuacha baba yake na siku yoyote anaweza kumuacha tena. Amekaa na hiyo miaka minne ndani ya nyumba yangu, anakula, anacheza mpira.

Tulikaa chini wote watatu jioni ile. Sikumwambia umekosea. Nikamuuliza ulikuwa unaona nini, ulikuwa unasikia nini, akasema upepo kwenye mabati kwa shangazi, nikamwambia eeh, na mimi nilikuwa nausikia, nilikuwa naogopa sana ndo maana nilikuwa nanyamaza. Akaniangalia. "Ulikuwa unaogopa?" Baba yake akamwelezea alivyobaki anafunga madirisha kwa kamba, akamwonyesha mpaka kile kipande cha kamba bado kipo kwenye msumari wa nyuma. Tukampigia shangazi simu, shangazi akakumbuka usiku ule alikula wali na samaki akalala mapajani kwake kabla hajamaliza. Akacheka kusikia hivyo. Tuliirudia ile stori labda mara tano mwezi ule, kila mara anataka tuanzie kwenye begi.

Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, barabara ikakatika kule Somanga, mvua huku usiku kucha. Nikamsikia chumbani anamsimulia mdogo wake habari ya Kenneth gizani. Alipofika kwa baba akasema baba alifunga madirisha yote kwa kamba, moja moja, akaanzia la nyuma. Hiyo sehemu yeye hakuiona, alikuwa tayari yuko Naliendele. Mdogo wake akamkatisha.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"We ulikuwa hujazaliwa bado."

"Nilikuwa naogopa?"

Kaka yake akafikiria kidogo. "Sijui. Tumuulize mama."